Wajumbe Waliidhinisha

Mwezi Agosti, wakati wa likizo ndefu, nilikuwa nyumbani Ngamiani, Tanga, nikimuuguza mama aliyeteguka mguu, mwenzangu wa idara aliposhuka stendi ya Kange akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Alikuwa amesafiri tangu alfajiri, kwa sababu jumuiya yetu ya wanataaluma ilikuwa imeamua kwamba barua ya kumpinga Makamu Mkuu wa Chuo isainiwe kwa kalamu, kila mtu kwa mkono wake, jina kamili na tarehe, na mimi nilikuwa katibu wa jumuiya hiyo. Bila sahihi ya katibu barua isingekwenda popote. Chuo chenyewe sitakitaja, wala kiongozi wake. Nataka kuandika juu ya namna wahadhiri wanavyompinga anayewaongoza, na juu ya sehemu yangu katika jambo hilo, ambayo imenisumbua kuliko sehemu ya kiongozi.

Kwa msomaji asiyezoea mambo ya vyuo, nieleze kwanza mpangilio ulivyo. Marekani anayeendesha chuo kikuu huitwa Rais. Kwetu Tanzania, Mkuu wa Chuo ni mtu wa heshima tunayemwona zaidi siku ya mahafali akitunuku shahada, na anayekiendesha chuo siku kwa siku ni Makamu Mkuu wa Chuo. Juu yake lipo Baraza la Chuo, lenye dhamana ya fedha, mali na ajira. Kisha ipo Seneti, yenye dhamana ya taaluma, yaani mitaala, mitihani, na mapendekezo ya kuanzisha au kuunganisha idara. Mwenyekiti wa Seneti ni Makamu Mkuu mwenyewe. Migogoro mingi ninayoifahamu ya wahadhiri na viongozi wao imeanzia hapo, kwani anayeleta pendekezo ndiye anayeongoza kikao cha kulipima, na ndiye anayeamua lizungumzwe kwa dakika ngapi.

Malalamiko yetu yalikuwa matatu. La kwanza lilikuwa kuunganishwa kwa idara mbili ambazo hazikuwahi kuulizwa. La pili lilikuwa wakuu wa idara walioachwa wakikaimu kwa zaidi ya mwaka, na anayekaimu hupata tabu kumpinga mtu anayeweza kumwondoa kwa barua ya mistari mitatu. La tatu lilihusu majalada ya kupandishwa vyeo yaliyolala masijala bila maelezo. Haya mawili ya mwisho yanapatikana karibu kila mahali na sitayarefusha.

La kwanza ndilo lenye uzito, kwa sababu ya jinsi lilivyofanyika. Kwa karibu miaka miwili kabrasha la Seneti lilikuwa likitufikia asubuhi ya kikao, likiwa bado na joto la mashine ya kurudufu, kurasa mia na zaidi zilizobanwa kwa pini moja ambayo ilizidiwa nazo. Ungekuta mjumbe anapekua ukurasa wa 74 kutafuta jedwali la walimu wa idara yake huku mwenyekiti ameshauliza kama kuna hoja, ameshatazama kushoto na kulia, na ameshasema tuendelee. Hakuna aliyekemewa, hakuna aliyekatazwa kusema, na sauti ya mwenyekiti ilikuwa ya upole. Nasisitiza upole huo kwa sababu watu wengi wakisikia uongozi wa kibabe hufikiria ngumi mezani. Mtu mwenye madaraka anaweza kuwanyima wenzake nafasi ya kufikiri kwa kuwachelewesha karatasi tu.

Basi tulikaa barazani, mgeni akaletewa kahawa na kashata, nikaifungua ile bahasha. Barua ilikuwa ya kurasa nne. Ukurasa wa kwanza ulieleza mambo matatu niliyoyataja. Kurasa tatu zilizofuata zilieleza mkoa anakotoka Makamu Mkuu, wangapi kati ya aliowateua wanatoka huko, namna anavyotamka Kiingereza, na uvumi kuhusu nyumba yake. Sahihi zilikuwa kwenye karatasi mbili za foliskepu zilizoambatishwa. Nyingine zimekolezwa wino kwa ujasiri, nyingine ndogo kama za mtu anayetaka zisisomeke. Nikachukua kalamu nikaanza kukata. Nilikata ukurasa wa pili wote, nikakata wa tatu, na wa nne nikauachia aya moja.

"Mwalimu," mwenzangu akasema, "ukizitoa hizi watu watasema tumelegea."

Nikamwambia kwamba kiongozi anayeshtakiwa kwa mkoa wake amepewa zawadi, maana hatalazimika tena kueleza habari ya idara zetu; atasema anachukiwa kwa asili yake, na atakuwa amesema kweli. Tulibishana hadi adhana ya alasiri. Yeye ni kijana, ana mkataba wa muda, na hasira yake ilikuwa na sababu kuliko yangu, kwa hiyo sikumdharau. Hatimaye alikubali kwamba barua ibaki na yale matatu, kisha waliokwisha kusaini waombwe kusaini upya.

Mama alikuwa kwenye mkeka mlangoni, mguu umeegemezwa kwenye mto, akichambua mchele. Alikuwa ametusikiliza muda wote. Akauliza bila kuinua macho kwenye ungo: "Na hayo matatu, mwanangu, mlimwambia mwenyewe?"

Nikamjibu kwamba nafasi haikupatikana.

"Vikao hamkai?"

Nikasema tunakaa. Hakuuliza tena, na sikumaliza kahawa yangu.

Usiku ule nilifungua kompyuta nikazitafuta kumbukumbu za Seneti, kwa kuwa mbali na ukatibu nilikuwa pia mjumbe wa Seneti kwa kuchaguliwa na wanataaluma wenzangu. Niliikuta ile ajenda. Ilikuwa na aya tatu. Aya ya kwanza ilisema wajumbe walielezwa kuhusu muundo mpya wa idara. Ya pili ilisema wajumbe walijadili. Ya tatu ilikuwa na maneno mawili, "Wajumbe waliidhinisha." Kwenye orodha ya waliohudhuria jina langu lilikuwa la 31. Nilikumbuka vizuri nilichokuwa nikifanya dakika ile: nilikuwa nimeegemea kiti, nikimnong'oneza jirani yangu kwamba jambo hili halitafika mbali. Kunong'ona hakuandikwi. Kilichoandikwa ni kwamba niliidhinisha, na kama Mwenyekiti wa Baraza la Chuo angepokea barua yetu na kuagiza aletewe kumbukumbu, angeona kwamba katibu wa walalamikaji alikuwapo, hakusema neno, na jambo lilipita.

Tangu siku hiyo nimesoma mengi juu ya wahadhiri wa kwingineko na viongozi wao, na kisa kilichonifunza zaidi ni cha Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Lawrence Summers, mchumi aliyewahi kuwa Waziri wa Fedha wa Marekani, alishika urais wa chuo hicho mwaka 2001. Alikuwa mtu wa akili kali na maneno makali; mapema kabisa alikosana na Cornel West, profesa maarufu wa hapo, ambaye mwaka 2002 alihamia Chuo Kikuu cha Princeton. Tarehe 14 Januari 2005, katika mkutano wa wachumi uliojadili uchache wa wanawake katika ngazi za juu za sayansi na uhandisi, alisema kwamba tofauti za kipaji baina ya wanaume na wanawake huenda ni mojawapo ya sababu. Maneno hayo yalifungua mlango kwa manung'uniko ya miaka minne: kwamba anawadhalilisha watu vikaoni, kwamba anajikusanyia maamuzi, kwamba hashauriani.

Watu wengi hukumbuka tu kura ya kutokuwa na imani iliyofuata. Mimi nataka yakumbukwe majuma yaliyotangulia, kwa sababu katika vikao vya Februari mwaka huo wahadhiri walisimama mmoja mmoja, kila mmoja kwa jina lake, wakamweleza Rais huyo ana kwa ana kile walichokuwa wakikisema vishorobani. Ndipo tarehe 15 Machi 2005 Kitivo cha Sanaa na Sayansi kilipokutana katika jumba la tamthilia kupiga kura ya siri. Hoja ya kwanza, iliyoletwa na mwanaanthropolojia Lorand Matory, ilikuwa sentensi moja: kwamba kitivo hakina imani na uongozi wa Lawrence Summers. Walioiunga mkono walikuwa 218, walioipinga 185, na 18 hawakuegemea upande. Hoja ya pili ilikuwa laini zaidi, ilieleza masikitiko juu ya kauli yake ya Januari na juu ya baadhi ya mambo ya uongozi wake, nayo ilipita kwa kura 253 dhidi ya 137.

Kisheria kura ile haikumwondoa. Mamlaka ya kumwondoa yalikuwa ya bodi ndogo iliyo juu ya chuo, na bodi hiyo iliendelea kusimama naye. Vitivo vingine, kama vile vya sheria na biashara, havikupiga kura yoyote. Karibu mwaka mzima ukapita akiwa bado ofisini. Mwanzoni mwa 2006, baada ya amidi, yaani mkuu, wa kitivo kilekile kutangaza kujiuzulu, ghadhabu ziliwaka tena, kura ya pili ikapangwa kufanyika tarehe 28 Februari, na juma moja kabla ya siku hiyo Summers alitangaza kwamba angeachia ngazi mwisho wa mwaka wa masomo.

Zile kura 185 nimezifikiria kuliko zile 218. Naamini kati ya hao walikuwamo waliomwona ni kiongozi mgumu lakini wa lazima kwa kitivo kilichozoea raha, na walikuwamo walioogopa kwamba msomi akiondolewa kwa sababu ya dhana aliyoitoa kwenye mkutano wa kisomi, kesho atakayefuata ni mhadhiri wa kawaida. Hofu hiyo ina haki yake. Ndiyo maana mimi, kama ningekuwa mjumbe pale, ningeipigia kura hoja ya pili na kusita sana mbele ya ya kwanza. Hoja inayosema tu kwamba hatuna imani haimwambii kiongozi afanye nini kesho asubuhi, na haimwambii atakayemrithi aepuke nini. Inayotaja kosa humwachia mtu njia ya kujirekebisha, na humlazimu mlalamikaji naye kuthibitisha.

Katika Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, mwaka 2024, kosa lilitajwa. Minouche Shafik, mchumi mzaliwa wa Misri, alikuwa hajatimiza mwaka katika urais wa chuo hicho alipowaita polisi tarehe 18 Aprili kuwaondoa wanafunzi waliopiga mahema uwanjani kwa sababu ya vita vya Gaza, ilhali kamati tendaji ya Seneti ya chuo, ambayo taratibu zilitaka ishauriwe, haikuafiki. Mwezi uliofuata Kitivo cha Sanaa na Sayansi kilipiga kura ya kutokuwa na imani naye, ikapita kwa asilimia 65 ya waliopiga, na Agosti alijiuzulu. Yapo mengi ya kubishania katika mgogoro ule, na shinikizo la wanasiasa halikuwa dogo, lakini kwa mtu wa Seneti kama mimi shauri limo katika tendo moja: chombo kiliulizwa, kikakataa, na uamuzi ukatekelezwa hata hivyo.

Mtu atasema Marekani ni mbali. Ni kweli, na tofauti kubwa ni ya uteuzi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipokuwa chuo cha taifa tarehe 1 Julai 1970, Makamu Mkuu wake wa kwanza, Pius Msekwa, alitoka moja kwa moja kwenye ukatibu mtendaji wa TANU, chama tawala cha wakati huo, na Mkuu wa Chuo alikuwa Rais Nyerere mwenyewe. Mwaka uliofuata, Julai 1971, kiongozi wa wanafunzi, Mkenya Symonds Akivaga, aliulaumu uongozi kwa barua ya wazi. Akafukuzwa, akaondolewa chuoni na askari, na wanafunzi wakagoma. Hadi leo anayeendesha chuo cha umma huja kwa uteuzi wa juu, na mhadhiri ni mtumishi wa umma mwenye jalada, mshahara na familia. Kura ya kutokuwa na imani kwetu haimo katika utaratibu wowote ninaoujua. Kilichopo mbele ya anayesema ni barua ya kutakiwa kujieleza ndani ya siku chache.

Hapa Tanga neno la kulieleza jambo hili lipo tangu zamani. Wajerumani walipofungua shule yao ya serikali hapa mjini katika miaka ya 1890, vijana waliotoka humo walikwenda bara kuwa makarani, walimu na maakida. Akida hakuchaguliwa na watu wa mahali alipopelekwa. Alijua kusoma, aliandika hesabu ya kodi, na alimjibu aliyemtuma. Wengine, bila shaka, walikuwa watu wema. Lakini mwaka 1905, Majimaji ilipoanza huko kusini, maakida walikuwa miongoni mwa waliolengwa mwanzoni kabisa. Simaanishi kwamba Makamu Mkuu wa Chuo ni akida. Nasema kwamba kila anayeteuliwa na mmoja ili awaongoze wengine ana deni ambalo barua ya uteuzi haikulilipa, na kwa wanataaluma deni hilo hulipwa kwa kitu rahisi: kuwapa karatasi mapema, kuwasikiliza hadi mwisho, na kuandika walichokisema.

Wala hatukuanza sisi kuyadai hayo. Tarehe 19 Aprili 1990 jumuiya za wanataaluma wa vyuo vya elimu ya juu nchini zilikutana Dar es Salaam na kupitisha Azimio la Dar es Salaam juu ya uhuru wa kitaaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Novemba mwaka huohuo likafuata Azimio la Kampala juu ya mambo hayohayo. Azimio la Dar es Salaam lilidai taasisi zijiendeshe kwa demokrasia na wanataaluma washiriki katika maamuzi yake. Ninachokipenda zaidi ni kwamba lilitaja pia wajibu. Ulikuwa wakati wa chama kimoja, na waliolipitisha hawakujificha nyuma ya waraka usio na jina. Kwenye chuo chetu, miaka zaidi ya thelathini baadaye, nyaraka zisizo na jina zilikuwa zikisukumwa chini ya milango usiku, zikisomwa kwa kicheko asubuhi, na mchana wajumbe walewale wakiidhinisha.

Asubuhi ya pili nilimwambia mwenzangu kwamba nitasaini, lakini barua isipelekwe kwa Mwenyekiti wa Baraza la Chuo kabla ya kikao cha Seneti cha Oktoba. Alikasirika. Alisema Oktoba ni mbali, kwamba watu watapoa, kwamba wengine watatishwa na kufuta majina yao, na kwamba mimi natafuta kujisafisha. Hilo la mwisho lilikuwa na ukweli ndani yake na sikulikana. Nilimsindikiza Kange kwa bajaji, tukaagana kwa kupeana mkono bila maneno mengi. Kweli, kufikia Oktoba sahihi tatu zilikuwa zimefutwa.

Kikao cha Oktoba kabrasha lilitufikia asubuhi kama kawaida. Tulipofika kwenye Yatokanayo, yaani ajenda ya mambo yaliyotokana na kikao kilichopita, niliinua mkono. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye nusu karatasi ili woga usinipotezee mpangilio, na ilinilazimu kuishika kwa mikono miwili. Nilisema kwamba katika kikao kilichopita nilihudhuria, sikupata nafasi ya kusoma pendekezo la kuunganisha idara, sikusema hivyo, na kutosema kwangu kulikuwa kosa. Kwamba idara husika hazikuulizwa. Na kwamba naomba Seneti ilirudishe jambo hilo idarani, na kuanzia sasa makabrasha yatolewe siku saba kabla ya kikao. Nilimwambia Makamu Mkuu kwamba ipo barua yenye sahihi za wenzangu na yangu inayosema hayohayo, itakayopelekwa Baraza la Chuo wiki hiyo, na kwamba nimeona ni haki ayasikie kwanza hapa.

Ukimya ulikuwa mrefu. Kisha Rasi, yaani mkuu, wa ndaki moja inayokusanya idara kadhaa, mtu ambaye sikumtarajia kabisa, aliomba nafasi na kusema naye hakulisoma pendekezo lile. Akafuata wa tatu. Makamu Mkuu alitusikiliza huku akiandika. Hakukubali kulirudisha, alisema uamuzi ulishapitishwa na mwenye malalamiko afuate ngazi. Kuhusu siku saba alisema atalitazama. Barua ilipelekwa Ijumaa, ikapigwa muhuri wa kupokelewa, na hadi ninapoandika haijajibiwa.

Rasimu ya kumbukumbu ilitufikia mwezi uliofuata, siku nne kabla ya kikao. Niliisoma nikiwa nimesimama koridoni. Kwenye Yatokanayo iliandikwa: "Mjumbe mmoja alihoji utaratibu wa utoaji wa makabrasha." Siku ya kuthibitisha kumbukumbu niliinua mkono tena, nikaomba sentensi hiyo isahihishwe, liwekwe jina langu, na yaandikwe pia majina ya wenzangu wawili iwapo wanaridhia. Wote wawili walitikisa kichwa kukubali. Makamu Mkuu alinitazama kwa muda, akamgeukia katibu wa kikao, akasema: "Iandikwe."